Dawa ya Kuzuia Kipandauso na Taabu Zake: Mambo Yanayomfaa Mkulima Kujua

Kila mkulima wa skimu anajua kwamba ng'ombe haogeshwi siku aliyougua ndigana. Huogeshwa mapema, tena kwa siku zilizopangwa, hata kama ngozi yake ni safi na hakuna kupe anayeonekana. Mwenye kungoja mpaka tezi za chini ya sikio zivimbe amekwisha chelewa.

Uko ugonjwa mmoja wa watu ambao huzuiwa kwa njia kama hiyo. Ni kipandauso, yaani yale maumivu makali ya kichwa yanayorudi mara kwa mara. Daktari anaweza kumpa mgonjwa vidonge vya kumeza kila siku, awe anaumwa au haumwi, ili maumivu yasije mara nyingi. Dawa hizo zimewasaidia watu wengi. Lakini zina taabu zake: usingizi, kinywa kukauka, mikono kuwa baridi, vidole kuchomachoma na kadhalika. Kwa ajili ya taabu hizo wako watu ambao huacha dawa kimya kimya katika majuma ya kwanza, kabla haijapata nafasi ya kufanya kazi. Pakiti hubaki juu ya kabati, na kichwa hurudi kama zamani.

Mimi ni karani wa afisi ya kilimo, si daktari, na maneno haya hayachukui mahali pa daktari wako. Lakini wakulima hufika afisini kueleza kwa nini hawakuja siku ya mafunzo, au kwa nini mbegu zilichelewa kupandwa, na habari ya kichwa husikika mara nyingi kuliko mtu anavyodhani. Shamba halingoji kichwa kipone. Mvua ikinyesha imenyesha, na ng'ombe akijaa maziwa ni lazima akamuliwe. Kwa hiyo yafaa tujue dawa hizi hufanya nini, taabu zake ni zipi, na mtu afanye nini azipatapo.

Neno kubwa la makala haya ni moja, na yafaa ulishike tangu sasa: taabu ya dawa ni jambo la kumrudishia daktari, si sababu ya kuitupa dawa.

Kipandauso ni nini

Kipandauso si kichwa cha kawaida cha uchovu au cha jua kali. Maumivu hupigapiga, mara nyingi upande mmoja wa kichwa. Mgonjwa husikia kichefuchefu, pengine hutapika, na mwanga na kelele humwumiza. Mtu mzima asipotibiwa huweza kukaa katika hali hiyo kwa saa 4 hata siku 3. Wengine huona mistari ya mwanga au vimulimuli machoni kabla maumivu hayajaanza.

Duniani pote karibu mtu 1 katika kila watu 7 anao ugonjwa huu, na wanawake huupata mara 2 au 3 zaidi ya wanaume. Si uchawi, si uvivu, wala si wazimu. Ni ugonjwa wa ubongo na mishipa ya fahamu, na mara nyingi hupatikana kwa watu wa jamaa moja.

Kwa nini dawa ya kila siku?

Watu wengi hutibu kipandauso kwa vidonge vya maumivu vya dukani. Vidonge hivyo vinafaa vikimezwa mapema na kwa nadra. Lakini vikizidi, vyenyewe huleta kichwa. Mtu anayemeza parasetamoli, aspirini au ibuprofeni siku 15 au zaidi katika mwezi, mwezi baada ya mwezi, aweza kupata maumivu yanayotokana na vidonge hivyo hivyo. Kwa vidonge vilivyochanganywa dawa mbili tatu pamoja, au vyenye kodeini au ergotamini, siku 10 katika mwezi zatosha kuleta shida hiyo. Tena aspirini na ibuprofeni zikizidi huumiza tumbo na mafigo.

Kwa kawaida daktari hufikiria dawa ya kuzuia ikiwa kichwa humkamata mtu siku 4 au zaidi kwa mwezi, au kikija humwangusha kabisa asiweze kazi. Dawa ya kuzuia haiondoi maumivu ya leo. Kazi yake ni kupunguza siku za maumivu za mwezi ujao na mwezi utakaofuata.

Na tena haifanyi kazi kwa siku moja. Mtu huhitaji kufika kipimo kinachomfaa, kisha aendelee kwa majuma 8 hivi kabla ya kusema kama dawa imemsaidia au haikumsaidia. Hapa ndipo penye mtego. Taabu za dawa huja mwanzoni, na faida huja baadaye. Mtu akipima dawa kwa majuma mawili ya kwanza, ataona hasara tupu, kama mtu anayepima shamba la mahindi siku ya kununua mbolea.

Usiogope jina lililo kwenye karatasi

Wengine huacha dawa si kwa sababu ya taabu ya mwili, bali kwa sababu ya maneno yaliyoandikwa kwenye karatasi ya ndani ya pakiti. Mama mmoja husoma kwamba dawa yake ni ya ugonjwa wa huzuni, naye hujiuliza, "Je, daktari ameniona mwenda wazimu?" Mwingine husoma kwamba ni dawa ya kifafa, akaificha majirani wasiione.

Sababu yake ni hii. Dawa nyingi za kuzuia kipandauso zilitengenezwa kwanza kwa magonjwa mengine. Propranololi ilitengenezwa Uingereza miaka ya 1960 na James Black na wenzake kwa ajili ya ugonjwa wa moyo. Mwaka 1966 madaktari waliokuwa wakiijaribu kwa wagonjwa wa moyo waliandika kwamba mmoja wao alipata nafuu ya kipandauso pia. Black alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Amitriptilini ilikubaliwa Marekani mwaka 1961 kuwa dawa ya huzuni. Kwa kipandauso mara nyingi hutolewa kwa kipimo kidogo zaidi. Topirameti ilikuwa dawa ya kifafa, nayo ikakubaliwa Marekani kwa kuzuia kipandauso mwaka 2004.

Basi dawa moja huweza kuwa na kazi mbili, kama jembe moja linavyolima mahindi na viazi. Kupewa dawa hiyo hakumaanishi kwamba una kifafa, wala kwamba akili yako imeharibika.

Sasa tuzitazame dawa hizi tatu moja moja. Majina kwenye pakiti huandikwa kwa Kiingereza, lakini huanza na herufi zile zile, kwa hiyo hutashindwa kuyatambua. Ikiwa hujui unameza dawa gani, chukua pakiti uende ukamwulize aliyekupa.

Amitriptilini

Dawa hii humezwa mara moja, jioni. Mara nyingi daktari huanza na miligramu 10, kisha huongeza polepole.

Taabu yake ya kwanza ni usingizi na uzito wa kichwa asubuhi. Mkulima anayeamka saa kumi usiku kukamua ataliona jambo hili upesi. Dawa yake ni kubadili saa. Badala ya kumeza wakati wa kupanda kitandani, mwombe daktari ruhusa ya kumeza mapema, saa mbili au tatu kabla ya kulala, ili uzito uwe umepungua wakati wa kuamka. Katika majuma ya kwanza, na kila mara kipimo kinapoongezwa, usiendeshe trekta wala pikipiki, na usishike mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, mpaka umejua dawa inakufanyaje. Pombe huzidisha usingizi huo, kwa hiyo iepuke.

Taabu ya pili ni kinywa kukauka. Kunywa maji kidogo kidogo mchana kutwa. Usifyonze peremende za sukari siku nzima, kwani kinywa kikavu na sukari huharibu meno. Piga mswaki asubuhi na jioni.

Taabu ya tatu ni choo kuwa kigumu. Hapa shamba lako lina dawa: maharagwe, sukuma wiki, mapapai, viazi vitamu, na maji ya kutosha.

Taabu ya nne ni kunenepa, kwa sababu dawa huongeza hamu ya kula. Jipime uzito kila mwezi kwenye zahanati. Punguza sukari katika chai, na soda na maandazi yawe ya nadra. Uzito ukizidi kupanda, mwambie daktari, maana ziko dawa nyingine zisizonenepesha.

Wazee wasimame polepole kutoka kitandani, kwani kizunguzungu huweza kuwaangusha. Mzee ambaye mkojo wake hutoka kwa shida, au mwenye ugonjwa wa moyo au presha ya jicho, na amwambie daktari kabla hajaanza dawa hii.

Propranololi

Dawa hii hupunguza mwendo wa moyo na presha ya damu. Mara nyingi humezwa mara mbili kwa siku, na wengi hufika miligramu 80 hadi 160 kwa siku nzima.

Neno la kwanza si taabu bali onyo. Mtu mwenye pumu asimeze propranololi. Huweza kuyabana mapafu mpaka asiweze kupumua. Ikiwa uliwahi kuwa na pumu, hata utotoni, sema kabla hujapewa dawa. Mwenye ugonjwa wa sukari anayetumia insulini au vidonge na aseme pia, kwa kuwa dawa hii huficha dalili za sukari kushuka, kama vile moyo kwenda mbio na mwili kutetemeka.

Taabu za kawaida ni uchovu, hasa wakati wa kupanda mlima na mzigo, kizunguzungu ukisimama kwa ghafula, mikono na miguu kuwa baridi, na ndoto mbaya usiku. Kwa uchovu, gawanya kazi nzito ya shamba katika sehemu mbili za siku kwa majuma machache, mpaka mwili uzoee. Kwa kizunguzungu, keti kwanza ukingoni mwa kitanda, kisha simama. Hali kadhalika ukimaliza kukamua: usiinuke kwa ghafula kutoka kwenye kigoda. Kwa mikono baridi, hasa kwa watu wa skimu za baridi kama Kinangop na Ol Kalou, vaa glavu asubuhi na uoshe mikono kwa maji ya moto kabla ya kukamua. Ng'ombe naye atashukuru. Ndoto mbaya zikikusumbua, mwulize daktari kama kipimo cha jioni chaweza kumezwa mapema zaidi, au kama dawa ibadilishwe.

Jifunze kuhesabu mapigo ya mkono. Weka vidole viwili chini ya kidole gumba, upande wa ndani wa kifundo cha mkono, uhesabu kwa dakika moja kamili ukitazama saa. Ukipata chini ya 50, mpashe daktari habari upesi. Ukizimia, au ukisikia kifua kinabana na pumzi inapiga filimbi, nenda hospitali mara moja.

Topirameti

Dawa hii huanza na miligramu 25, na kwa kawaida huongezwa 25 kila juma mpaka kufika 100 kwa siku, yaani 50 asubuhi na 50 jioni. Usikimbilie kipimo kikubwa. Taabu zake hupungua sana zikiongezwa polepole, na kama juma moja limekuwa gumu daktari aweza kukuacha katika kipimo kile kile kwa juma jingine.

Vidole vya mikono na miguu huchomachoma kama vinatambaliwa na siafu. Jambo hili huwatisha watu, lakini kwa kawaida si la hatari, na kwa wengi hupungua. Soda na bia hupoteza ladha yake. Hamu ya kula hupungua na mtu hukonda kidogo. Ikiwa wewe ni mwembamba tangu hapo, jipime kila mwezi na useme.

Taabu iudhiyo zaidi ni akili kuwa nzito: mtu hutafuta neno analolijua asilipate, au husahau hesabu iliyo rahisi. Katika siku hizo andika mambo yako. Hesabu za maziwa na mapatano ya mauzo yawe kwenye karatasi, wala usitegemee kichwa. Hali ikizidi, kipimo hupunguzwa au dawa hubadilishwa, na akili hurudi kama ilivyokuwa.

Dawa hii huweza kuleta mawe katika mafigo. Kunywa maji mengi, kiasi cha lita 2 au zaidi kwa siku, isipokuwa kama daktari amekukataza kwa sababu ya ugonjwa mwingine. Huweza pia kupunguza jasho, na mtu asiyetoka jasho hupatwa na joto kali mwilini. Wakulima wa skimu za joto kama Mwea, Perkerra na Hola na walime asubuhi na jioni, wapumzike kivulini jua la utosi.

Jicho likiuma kwa ghafula, likawa jekundu, au ukaona ukungu, usingoje kesho. Hiyo huweza kuwa presha ya jicho iletwayo na dawa hii, na asiyetibiwa upesi huweza kuwa kipofu.

Neno kwa akina mama

Topirameti, na dawa nyingine ya kifafa iitwayo valproeti ambayo pia huzuia kipandauso, huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Valproeti ndiyo mbaya zaidi: huweza kuharibu uti wa mgongo wa mtoto na akili zake. Topirameti huweza kuleta mdomo uliopasuka. Kwa hiyo mama mwenye kipandauso aliye mjamzito, au anayeweza kupata mimba, aseme waziwazi kabla ya kupewa dawa yo yote. Kusema jambo hili si aibu.

Tena topirameti hupunguza nguvu ya vidonge na vijiti vya kupanga uzazi. Sindano ya miezi mitatu na koili hazipunguzwi nguvu nayo. Zungumza na muuguzi uchague njia inayofaa.

Ukigundua kwamba umepata mimba nawe unameza dawa ya kuzuia kipandauso, nenda kliniki siku hiyo hiyo. Usingoje siku ya kliniki ya wajawazito.

Taabu za namna tatu

Ili usichanganyikiwe, gawanya taabu za dawa katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni taabu za kuvumilia. Hizi ni kama kinywa kukauka, usingizi kidogo, vidole kuchomachoma na uchovu wa siku za kwanza. Nyingi hupungua katika majuma machache. Ng'ombe naye akichanjwa huenda akapungukiwa maziwa siku mbili tatu, na hakuna mkulima mwenye akili anayekataa chanjo kwa sababu hiyo.

Fungu la pili ni taabu za kurudi nazo kliniki katika juma hilo. Ni zile zinazokuzuia kazi, zisizopungua baada ya majuma machache, au zinazozidi: uzito kupanda au kushuka sana, akili kuwa nzito, ndoto mbaya, kizunguzungu kila siku, unyonge wa moyo. Kwa hizi daktari ana njia nyingi. Aweza kupunguza kipimo, kubadili saa, kuongeza polepole zaidi, au kukupa dawa nyingine. Dawa moja ikikushinda, si kwamba zote zimekushinda.

Fungu la tatu ni zile zisizongoja. Nenda hospitali mara moja, hata usiku, ukiona mojawapo ya haya: pumzi kubana, kuzimia, uso au ulimi kuvimba, upele mwingi wenye homa, jicho kuuma na kuona ukungu, mkojo kuziba, au mawazo ya kujiua. Hilo la mwisho mwambie mtu wa nyumbani pia, usikae nalo peke yako. Hali kadhalika kichwa chenyewe kikija kwa ghafula kuliko vyote ulivyowahi kupata, au pamoja na homa na shingo kukauka, au upande mmoja wa mwili ukalegea, hicho huweza kuwa si kipandauso. Ni hatari.

Usiache kwa ghafula

Dawa hizi hazifai kukatwa kwa siku moja, isipokuwa daktari amesema, au umepatwa na hatari ya fungu la tatu na unaelekea hospitali. Propranololi ikikatwa ghafula, moyo huweza kwenda mbio, na kwa mwenye ugonjwa wa moyo ni hatari kubwa. Amitriptilini ikikatwa ghafula huleta kichefuchefu, kukosa usingizi na wasiwasi. Daktari hupunguza kidogo kidogo kwa majuma kadhaa.

Wengi hukatizwa si kwa kupenda bali kwa kuishiwa. Vidonge huisha wakati wa kupanda, fedha zote zimekwenda kwenye mbegu na mbolea. Basi hesabu vidonge vyako kila Jumapili. Vikibaki vya juma moja, nenda ukachukue vingine. Weka fedha ya dawa kando, kama unavyoweka ya kuogesha ng'ombe. Na ikiwa bei imekushinda, mwambie daktari hivyo bila kuona haya. Amitriptilini na propranololi ni dawa za zamani, na kwa kawaida bei yake si kubwa.

Ukisahau kumeza mara moja, usimeze mara mbili kufidia. Endelea na kipimo kinachofuata.

Usimpe jirani vidonge vyako hata akilia kwa kichwa. Huenda ana pumu, au ni mjamzito. Na uviweke mbali kabisa na watoto, mahali pa kufungwa, wala si katika ghala pamoja na dawa za kupe na za mimea. Vidonge vichache vya amitriptilini au propranololi huweza kumwua mtoto mdogo. Dawa za miti shamba unazotumia zitaje kwa daktari pia.

Andika daftari

Mkulima mzuri wa maziwa ana daftari. Haulizwi "Ng'ombe wako anatoa maziwa mengi?" akajibu "Ndiyo, ni mengi." Hufungua ukurasa akasema ni lita ngapi. Fanya vivyo hivyo na kichwa chako. Chukua daftari la mtoto la shule, upige mistari upate safu nne: tarehe, kichwa kiliuma au la, vidonge vya maumivu nilivyomeza, na taabu za dawa nilizoona. Andika kila jioni. Ni kazi ya dakika moja. Asiyejua kuandika na amwambie mtoto wake amwandikie.

Anza, ukiweza, mwezi mmoja kabla ya dawa, kisha endelea miezi mitatu. Tuseme kwamba kabla ya dawa ulipoteza siku 8 kila mwezi, na mwezi wa tatu wa dawa umepoteza siku 4. Hesabu yake ni nyepesi: siku 4 mara miezi 12 ni siku 48 za kazi ulizozipata kwa mwaka. Kupungua kwa nusu namna hiyo ndiko madaktari wengi hukuita mafanikio, kwa hiyo usitazamie kwamba kichwa kitatoweka kabisa. Sasa ziweke siku 48 upande mmoja wa mizani, na kinywa kikavu upande wa pili, utazame ni upi mzito. Lakini ikiwa siku bado ni 8 baada ya majuma 8 ya kipimo kizuri, na taabu ziko pale pale, basi dawa hiyo haikufai. Nenda na daftari lako, ukaombe nyingine.

Daftari hilo litakusaidia pia chumbani mwa daktari. Kliniki ina watu wengi, na dakika zako ni chache. Badala ya kusema tu, "Dawa hii ni mbaya," sema hivi: "Daktari, nilianza tarehe fulani. Nameza miligramu kadhaa saa fulani. Kichwa kimepungua kutoka siku kadhaa hadi siku kadhaa. Lakini taabu yangu ni hii, ilianza siku fulani, na inanizuia kazi fulani." Maneno hayo manne yatamfanya akusaidie upesi.

Mambo yakienda vema kwa miezi 6 hadi 12, mwulize daktari kama mwaweza kujaribu kupunguza. Wengi huweza kuacha bila kichwa kurudi kwa nguvu ya zamani. Si lazima dawa hii iwe ya maisha.

Wakati huo wote yashike mambo madogo yanayoisaidia dawa: lala na kuamka kwa saa zile zile, usikae bila chakula mpaka jioni, kunywa maji shambani, na vaa kofia juani. Dawa pamoja na desturi nzuri hufanya kazi kuliko dawa peke yake.

Basi, ndugu mkulima, kama pakiti yako iko juu ya kabati, na vidonge vilibaki tangu mwezi uliopita, usianze tena kuvimeza kwa kipimo cha zamani kwa shauri lako mwenyewe. Ichukue pakiti hiyo, uende nayo kliniki juma hili, ukaeleze ni taabu gani iliyokufanya uache. Daktari hawezi kurekebisha jambo asiloambiwa.